Kanga Ulingoni

Nianze na swali, msomaji, kisha nikupe kisa, halafu tulirudie swali. Mwili wa mtu ni wa nani? Usikimbilie kujibu. Najua utasema ni wake mwenyewe, na mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo mpaka usiku mmoja wa mwaka 2014, nilipokuwa na miaka 16 na kiingilio cha ngumi mfukoni, fedha nilizowaibia nyumbani kwenye chenji za dukani.

Mtaani kwetu Keko, Dar es Salaam, alikuwapo, na bado yupo, mzee mmoja aliyewahi kupigana ngumi. Jina lake silitaji. Sisi tulimwita Bondia, wakubwa wenzake walimwita Bondia, hata mjumbe wa nyumba kumi alimwita Bondia. Mkewe tulimwita Mama Vitumbua, na hilo halihitaji maelezo. Bondia mwenyewe husema kilichompeleka kwenye ngumi ni ujio wa Muhammad Ali hapa Dar es Salaam, Februari 1980. Yeye alikuwa mtoto wa miaka kumi, kaka yake akampandisha mabegani ili aone. Kama alimwona Ali kweli au aliona visogo vya watu, hayo ni yake na kaka yake.

Alipigana mpaka mwaka 2008, akiwa na miaka 38, akaacha. Pua ilikuwa imekwisha lala upande, na mkono wa kushoto ulikuwa haunyooki vizuri. Mtaa mzima ulijua ameacha. Kumbe kuacha kuna namna nyingi. Miaka sita baadaye, akiwa na miaka 44, promota mmoja akamfuata barazani na kumwambia, "Kaka, watu wanataka kukuona." Maneno hayo tu. Fedha ilikuwa kidogo, wala haikuwa fedha iliyomtoa. Mpinzani alikuwa kijana wa miaka 23.

Pambano lilikuwa kwenye ukumbi wa baa, joto, moshi wa nyama choma, viti vya plastiki. Raundi ya kwanza Bondia alicheza vizuri, miguu ilikumbuka. Raundi ya pili ikakumbuka kidogo. Raundi ya tatu ikasahau. Katikati ya raundi ya nne alikuwa ameegemea kamba, mikono imeshuka, damu inamtoka juu ya jicho, na mwalimu wake kwenye kona anapiga kelele, "Jikinge! Jikinge!" Hapo tukaona mwanamke anapenya katikati ya watu. Alikuwa Mama Vitumbua, kanga moja kajifunga, ya pili kajitanda. Akafika ukingoni mwa ulingo, akaivua ile ya kujitanda, akaitupa ndani. Ikaangukia miguuni pa refa.

Refa, bwana, alibabaika. Kanuni inajua taulo, tena taulo la kona, kanga haiijui. Akaitazama kanga, akamtazama Bondia machoni, kisha akapunga mikono yote miwili juu. Pambano limekwisha.

Ukumbi ulizomea. Watu walizomea kwa miluzi, kwa matusi, wengine walirusha vifuniko vya soda. Na mimi nilizomea. Naliandika hili mapema ili usije ukadhani nahubiri kutoka mahali pasafi.

Usiku ule kuta za Keko, ambazo hazijui siri, zilitupa mazungumzo yao. Bondia alisema, "Umenivua nguo mbele za watu." Mama Vitumbua akajibu, "Nilikuwa nakufunika." Baada ya hapo hawakusemezana. Wiki, mwezi, miezi. Kisha mama akafunga mzigo wake akaenda kwao Tanga.

Mtaa uligawanyika. Barazani kwa wanaume walisema mwanamke yule amemuua mumewe kabla hajafa. Bombani kwa wanawake nako hawakupatana: wengine walisema alifanya vyema, wengine walisema mwanamke mwenye heshima hapandi ukumbi wa baa kumkatiza mume kazi yake. Watu waliulizana hata ile kanga ilikuwa na jina gani, maana kwetu kanga haiendi kimya. Yakabuniwa majina ya kila aina, mengine siwezi kuyaandika. Mwenyewe alikuja kuniambia baadaye sana kwamba ilikuwa kanga ya jikoni, imechakaa, jina limekwisha futika.

Basi turudi kwenye swali letu. Alikuwa na haki?

Nataka kwanza nimtetee Bondia, kwa sababu kumtetea aliyekosa ni rahisi kusahaulika. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema hivi: mimi si mtoto. Nimeingia ulingoni kwa miguu yangu. Ngumi naijua kuliko ninyi nyote mliokuwa mmekaa kwenye viti. Kama nilitaka kumaliza maisha yangu ya ngumi nikiwa chini, nikihesabiwa mpaka kumi, hayo yalikuwa malipo yangu na mimi ndiye mlipaji. Mtu akikunyang'anya haki ya kushindwa, amekunyang'anya kitu kikubwa. Amekufanya mtu wa kubebwa.

Hoja hii ina uzito. Sisi vijana tunaiamini sana, na ni vizuri tuiamini. Ukimzuia mtu kila hatari, kwa kisingizio cha kumpenda, utamgeuza kuku wa kufungwa mguu. Wapo akina mama wanaozuia watoto wasiogelee, na wapo waume wanaozuia wake wasisome, wote kwa jina la mapenzi. Kama Mama Vitumbua ana haki ya kutupa kanga, kwa nini mume asiwe na haki ya kutupa shati lake mlangoni mkewe anapokwenda kwenye biashara? Lazima tuwe na sababu, si huruma tu.

Sababu nimeitafuta kwa watu wengine waliopanda ulingo kabla ya Bondia.

Robert Wangila wa Kenya alipata dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988, Mkenya wa kwanza kuipata dhahabu hiyo katika ndondi. Baadaye akaenda Marekani kupigana ngumi za kulipwa. Julai 1994 alipigana Las Vegas, akashindwa, akaanguka katika hali mbaya, akafariki. Mwili ulipofika nyumbani ukazuka mgogoro juu ya mazishi: nani azike, na kwa taratibu za dini gani, mpaka shauri likafika mahakamani. Fikiri, msomaji. Alipokuwa hai mwili ule ulionekana kuwa na mwenyewe mmoja, na yeye akautumia kama alivyotaka. Alipokufa, ghafla wenyewe wakawa wengi. Je, wenyewe wale walizaliwa siku ya msiba? Walikuwepo tangu mwanzo. Ila tangu mwanzo hakuna aliyewauliza.

Mwangalie na Ali mwenyewe. Alipokuja Dar es Salaam mwaka ule wa 1980 alikuwa mstaafu. Alikuwa ametangaza kuacha ngumi mwaka 1979. Rais Carter alimtuma Afrika azishawishi serikali zisusie michezo ya Olimpiki ya Moscow, na hapa kwetu Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Mimi sisemi siasa. Namtazama mtu wa miaka 38, bingwa asiye na ulingo, anayetumwa huku na huku kwa sababu ya jina lake. Miezi minane haikupita akarudi ulingoni. Tarehe 2 Oktoba 1980, Las Vegas, alipigana na Larry Holmes, ambaye zamani alikuwa mshirika wake wa mazoezi. Alipigwa raundi kumi. Baada ya raundi ya kumi mwalimu wake, Angelo Dundee, alisimamisha pambano, na mtu mmoja wa kona hiyo hiyo alimng'ang'ania akiomba raundi moja zaidi.

Miaka mitatu kabla ya hapo, 1977, daktari wake Ferdie Pacheco alikuwa amekwisha jitoa. Alikuwa ameona majibu ya vipimo, akawaandikia Ali na watu wake wa karibu kwamba figo zinaharibika, hapati jibu. Akaona hawezi kuendelea kukaa kwenye kona ya mtu anayeangamia. Ali akapigana tena hata baada ya Holmes: Desemba 1981, huko Nassau, akashindwa kwa pointi na Trevor Berbick. Mwaka 1984 madaktari wakatangaza ugonjwa wa Parkinson. Iwe ngumi ndizo zilizouleta peke yake au la, mikono iliyotetemeka ilihitaji mtu wa kuishika. Mtu huyo alikuwa Lonnie, aliyefunga naye ndoa mwaka 1986, ndoa yake ya nne, na akakaa naye mpaka alipofariki Juni 2016. Miaka 30 kasoro miezi. Kwa ajili ya raundi kumi za Las Vegas mapromota walilipwa, watazamaji walilipia wakaona, na mtu aliyekuja kumlisha na kumvika hakuwa na kauli usiku ule.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya kanga ya Mama Vitumbua na shati la mume dhalimu. Yule anayemzuia mkewe asifanye biashara anazuia ili abaki na faida. Mama Vitumbua alizuia hasara ambayo ingeangukia mikono yake. Nani angemwogesha Bondia kama angetoka pale hajitambui? Promota? Sisi tuliokuwa tukipiga miluzi? Wazee wetu wana neno zuri la kitu ambacho kipo mkononi mwako lakini si chako cha kufuja: amana. Mwili ni amana. Unao, unautumia, unaupeleka vitani ikibidi, lakini wapo watu watakaoupokea utakaporudi, na hali utakayourudisha nayo ni jambo linalowahusu. Mwenye kuupokea ana haki ya kusema. Haki yake si ya kukuongoza kila siku. Ni haki ya siku moja, siku ambayo wewe mwenyewe huwezi tena kuona, kwa sababu damu imeingia jichoni.

Huenda utasema: basi angesema mapema, nyumbani, kwa heshima, asingoje ukumbi ujae. Alisema, msomaji. Alisema miaka sita. Na hapa lazima niingie ndani ya nyumba ya watu, jambo ambalo silipendi.

Bondia alipoacha mara ya kwanza, 2008, alirudi nyumbani kama mgeni. Kwa miaka zaidi ya 20 nyumba ile ilizoea mtu anayetoka alfajiri na kurudi amechoka, anayekula kwa kipimo, ambaye wiki mbili kabla ya pambano haguswi wala hasemeshwi. Watoto walikua kwa kunong'ona. Mkewe alikuwa kama mlinzi wa kambi. Kisha kambi ikavunjwa, na mlinzi akatarajia kwamba sasa yule askari atakuwa mume. Haikuwa hivyo. Akiteka ndoo mbili za maji alitazama nyuma kuona nani kamwona. Mkewe akipata wateja wengi alinuna. Akienda harusini na bwana harusi asimtaje kwenye meza kuu, ugomvi. Jioni alikuwa kwenye kilabu, akirudia raundi za mwaka 1995 kwa watu waliokuwa wakimsikiliza kwa sababu ndiye aliyekuwa ananunua. Ananunua kwa fedha ya nani? Ya vitumbua.

Na usiku mmoja aliinua mkono. Hili si la kuta. Hili alinisimulia Bondia mwenyewe, mtu mzima, machozi yakimtoka, akitaka niliandike. Alisema mkono uliinuka wenyewe, kama ulivyofundishwa. Mkewe hakukimbia. Alimtazama akasema, "Piga. Lakini hapa hakuna refa wa kuhesabu." Mkono ukakaa hewani, ukashuka.

Wapo watakaosema hakupiga, kwa hiyo hakuna neno. Lipo neno. Mkono wa bondia ukiinuka juu ya mkewe, pigo limekwisha fika hata kama ngumi haijafika. Mama Vitumbua hakulala usingizi wa kawaida kwa muda mrefu baada ya siku ile. Na aliendelea kukaa, kwa sababu kila aliyemweleza alimpa methali moja: mvumilivu hula mbivu.

Ningependa sisi vijana tuiulize methali hii swali. Mbivu ipi? Inaliwa lini? Na mbona mwenye kuambiwa avumilie ni yule yule kila siku? Bondia alipovumilia njaa ya kupunguza uzito, mwisho wake aliona: mkono wake uliinuliwa na refa, jina likatangazwa. Mkewe alivumilia miaka 20 ya kambi akiambiwa mbivu ni siku atakapoacha ngumi. Akaacha, na mbivu ikawa mume wa kilabuni. Methali ni mali yetu na siitupi, lakini uvumilivu usio na mwisho unaoonekana si fadhila. Ni kodi anayotozwa mtu mmoja kwa raha ya mwingine. Kwa hiyo alipofunga mzigo kwenda Tanga sikuona kosa, na hata leo silioni. Asingerudi pia nisingeliona.

Lakini nisimwache Bondia na aibu peke yake. Nani alimfundisha kwamba yeye ni kitu pale tu anapotazamwa? Sisi. Tulimpenda kwa sharti, na sharti lenyewe hatukumwambia. Tulimnunulia soda akiwa na mkanda, tulipomwona hana tukamwita "mzee wa zamani." Promota alipomwambia watu wanataka kukuona, hakusema uongo. Tulitaka kumwona, ndiyo, kama watu wanavyotaka kuona nyumba inayoungua. Bingwa akizeeka humchukia mkewe kwa sababu mkewe ndiye kioo: anaona goti linavyopakwa mafuta ya taa usiku, anasikia pumzi ngazini. Washabiki wanaona picha ya ukutani. Nani kati yenu angependa kioo kuliko picha?

Nimefikiri sana juu ya kosa hasa la Bondia, na nimeliona mahali ambapo sikutegemea. Yeye hudhani maisha yake ya ngumi yalikuwa mapambano. Ukimhesabia, kwa miaka yote ile, saa alizokaa ulingoni mbele za watu hazijazi hata siku tatu. Maisha yaliyobaki yalikuwa mazoezi. Saa kumi na nusu alfajiri alikuwa barabara ya Chang'ombe, anakimbia kuelekea Uwanja wa Taifa na kurudi, mvua au kiangazi, mbwa tu ndio waliomwona. Aliruka kamba uani. Alipiga gunia la mchanga mpaka ngozi ya vidole ikabanduka. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyemlipa. Na hakuacha hata siku moja.

Sasa jiulize: ndoa inafanana na nini, pambano au mazoezi? Siku ya harusi inafanana na pambano: taa, kelele, watu wamevaa. Baada ya hapo ni mazoezi miaka yote. Ni ndoo za maji zisizo na mtazamaji. Ni kuuliza "Umeamkaje?" asubuhi ya elfu nne na kulisubiri jibu. Bondia alikuwa hodari wa jambo hilo kuliko mwanamume yeyote wa mtaa wetu. Alikuwa na uaminifu wa kutosha kuitunza ndoa tatu, ila aliutoa wote kwa gunia la mchanga. Alipostaafu akaleta nyumbani kile kipande kidogo cha ngumi kinachohitaji makofi, na ule uaminifu wa alfajiri akauacha barabarani.

Nadhani hapa ndipo wanamichezo wanaostaafu hutengana njia. Henry Rono wa Kenya, mwaka 1978, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81, ajabu ambayo wakimbiaji bado wanaisimulia. Olimpiki ya 1976 na ya 1980 zote zilimpita kwa sababu nchi yake ilisusia. Kisha pombe ikamshika, akaishi miaka mingi ughaibuni, mbali na jamaa zake, akifanya kazi za kubahatisha. Akapambana nayo, akaandika maisha yake bila kuficha, akarudi Kenya mwaka 2019, akafariki 2024. Simhukumu, namheshimu kwa kusema ukweli. Filbert Bayi wetu naye Olimpiki ya 1976 ilimpita kwa kususia. Alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, dakika 3 sekunde 32.16, na akapata fedha ya kuruka viunzi na maji Moscow mwaka 1980. Baada ya mbio, yeye na mkewe walianzisha shule, wakianza na watoto wadogo. Nyumba yao siijui na sitajifanya naijua. Ninachoona kwa nje ni kwamba shule ni kazi ya alfajiri: chaki, uji, ada, choo cha watoto. Haina mkanda. Na John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico City mwaka 1968 wa mwisho, goti likiwa limefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, alirudi kwao Mbulu akalima. Dunia humkumbuka kwa jioni ile moja. Shamba halikumjua kwa jioni ile. Shamba lilimjua kwa jembe.

Sisemi kila bondia afungue shule, wala kila mkimbiaji alime. Wengi wao hawana shamba wala mtaji, na nchi iliyowatumia haikuwawekea akiba; hilo ni deni letu na tusilifunike kwa mawaidha. Nasema tu kwamba kustaafu kwa heshima si kutafuta jukwaa jingine. Ni kukubali kuonwa na mtu mmoja, kila siku, bila kiingilio.

Nimalizie kisa. Mama Vitumbua alirudi baada ya miezi minane. Haikuwa kwa sababu ya wazee waliotumwa, maana walitumwa mara mbili wakarudi na soda zao tumboni. Alirudi baada ya Bondia kwenda mwenyewe Tanga kwa basi, akakaa siku tatu kwa shemeji zake akipasua kuni. Masharti aliyopewa mengine siyajui. Ninayoyajua ni mawili, kwa sababu yanaonekana: kilabuni haendi, na mkono ule hautainuka tena, ukiinuka hakuna wa kumfuata Tanga.

Leo ukipita kwetu saa kumi na nusu alfajiri utaona taa ya uani. Mchele ulilowekwa usiku, umesagwa, umeumuka. Mama anamimina kwenye chuma, ananusa iliki kujua kama imetosha. Bondia anapepea jiko la mkaa, mgongo umemwinama, ile pua ya upande inameta jasho. Kisha anabeba beseni kichwani mpaka kwenye kibanda barabarani, kwa mwendo wa miguu niliyoizomea. Wanapendana? Sijui. Nimewasikia wakigombana juu ya mkaa mbichi, na nimewasikia wakicheka. Juu ya kanga hawajawahi kuzungumza, mwenyewe ndiye aliyeniambia.

Mwaka jana nilikwenda kuomba radhi. Nilisema, "Shikamoo mama. Usiku ule ukumbini, na mimi nilikuwamo. Nilikuzomea." Alikuwa anageuza vitumbua kwa kijiti. Hakusimama. Alisema, "Marahaba. Najua, nilikuona. Ulikuwa umesimama juu ya kiti." Nikanyamaza. Akaendelea, "Mwanangu, mlikuwa wengi. Niliogopa ninyi kuliko nilivyomwogopa yule kijana mwenye glovu."

Akanifungia vitumbua vinne kwenye karatasi. Nilitoa fedha, akazipokea, akanirudishia chenji kamili.